Zamu ya Maji ya Primus

Maji yalikuja tena Alhamisi ile kabla hakujapambazuka, na katika nyumba ya marehemu Primus hapakuwa na mtu aliyekwenda kuyafungulia.

Mektrida aliyasikia akiwa kitandani. Yalianza kama mnong'ono huko juu, yakateremka polepole yakizunguka mashina ya kahawa, mpaka yakafika kwenye mfereji mdogo nyuma ya jiko na kuanza kuongea. Kisha akasikia vile vingine alivyokuwa akivingoja. Buti za mpira zikikanyaga tope. Jembe likigongwa kwenye jiwe, ko, ko, ko, ili udongo udondoke. Na kikohozi kimoja kikavu, cha mtu anayetaka walio ndani wajue kwamba yeye ameamka kabla yao.

Bandani, ng'ombe akasimama.

"Hata wewe umemsikia," Mektrida akasema. Hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho tangu Jumapili.

Katika vijiji vya juu ya Himo, maji ya shambani hayatoki mbinguni tu. Yanatolewa mtoni kule msituni na kuletwa kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na watu ambao hata majina yao yamesahaulika, kisha yanagawanywa kwa zamu, kihamba hadi kihamba, yaani shamba la nyumbani la kila familia. Juu kidogo ya kihamba cha Primus lilikuwapo bwawa la kukusanyia maji, ambalo mdomo wake ulizibwa kwa magome ya mgomba na udongo. Mwenye zamu hupanda alfajiri na jembe lake, akazibua, akanywesha shamba, akaziba. Ni kazi ya wanaume. Wazee walisema mwanamke akiugusa mdomo wa mfongo maji hununa. Vijana walilicheka jambo hilo, lakini hata wao hawakuwahi kuwatuma mama zao. Na Gidioni, msimamizi wa mfongo, alikuwa mwepesi wa kutoza faini.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Primus. Naye Primus alikuwa amelala chini ya migomba yake tangu Machi, kifua kilipomshinda. Sasa ulikuwa Julai, mwaka elfu mbili na moja, ukungu umeushika mlima tangu asubuhi hadi jioni.

Mektrida hakumwomba mtu yeyote ashike zamu ile. Kuomba hakukuwa katika damu yake. Mama yake mzazi alimlea kwa neno moja: shida ya nyumba isivuke isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa kuzunguka kihamba kuwa mpaka, na mama yule alimaanisha hivyohivyo alivyosema. Ukilia, lilia ndani ya masale yako. Ukipata njaa, funga mkanda ndani ya masale yako. Msichana Mektrida alilishika neno lile hata akampita aliyemfundisha. Alipojifungua Salvina, majirani walijua kuna mtoto waliposikia kilio cha mtoto, si cha mama.

Msibani walimsifu. Wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuja na mtori wa ndizi na nyama, kuni na mikungu ya ndizi, wakamkuta amesimama jikoni akiosha vyombo, macho makavu, kitambaa cheusi kimefungwa sawasawa. "Huyu ni mwamba," walinong'ona. Aliyetia aibu, kama waliona aibu, ni Lukresia, dada wa marehemu. Yeye alijibwaga chini, akabiringika kwenye vumbi la kaburi, akamtukana kaka yake kwa kumwacha: "Primus, mwongo wewe! Uliniambia utanizika mimi!" Watu waliomshika walikuwa wakilia huku wakizuia kicheko, maana Lukresia ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Furaha yake kijiji kizima kiliijua, na tumbo likimuuma, kijiji kizima kilijua ni upande gani.

Siku ya kuvunja matanga, ukoo uligawana nguo za marehemu uani. Mektrida hakutoka kuona nani amechukua nini. Alikuwa jikoni na masufuria.

Na hapo kwenye masufuria ndipo jambo lilipoharibika, ingawa hakuna aliyeliona. Kule mlimani, mtu akikuletea chakula msibani huacha chombo chake kwako. Hasahau. Anaacha makusudi, ili kesho kutwa awe na sababu ya kurudi: "Nimefuata sufuria yangu." Akifika, ataketi, mtaongea, pengine utalia, na sufuria itabaki tena. Mektrida aliosha kila chombo siku ileile, akakitia maharage, kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu, akamtafuta mtoto wa kukipeleka. Ilipofika Pasaka, hapakuwa na sufuria ya mtu nyumbani mwake, na hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kurudi.

Lukresia peke yake ndiye aliyekuja bila sababu.

"Wifi, sufuria yangu hailali kwako hata usiku mmoja? Ina kunguni?"

"Nilidhani utaihitaji."

"Ninachohitaji ni kukaa na mtu tumlilie yule baradhuli." Akaketi kwenye kigoda, akaanza. Alilia kwa sauti, akisimulia jinsi Primus alivyombeba mgongoni kuvuka mto, jinsi alivyokataa kung'oa kahawa yake hata wenzake walipoing'oa na kupanda nyanya. Sauti ile iliingia kwenye kifua cha Mektrida kama mtu anayesukuma mlango, naye akausukuma kutoka upande wa ndani kwa nguvu zake zote.

"Wifi," akasema, "kama unataka ngoma, nenda kaipigie kwako. Hapa kuna msiba."

Lukresia aliacha kulia. Alijifuta kamasi kwa ncha ya khanga, akachukua sufuria yake, safi, ina maharage ndani, akatoka. Hakuvuka tena yale masale mchana.

Baada ya hapo Mektrida alianza kupungua. Si mwili tu. Kwanza aliacha kwenda jumuiya, akasema ana mafua. Kisha akaacha kuchuma kahawa. Buni ziliiva, zikawa nyekundu, zikakaukia matawini nyeusi kama vinyesi vya mbuzi, na wapita njia wakasema, afadhali, kwa bei hii ya wanunuzi wa siku hizi, nani achume? Usingizi ulimtoka. Chakula kikawa na ladha ya karatasi. Alikuwa akishika panga kumkatia ng'ombe mgomba, akajikuta bado amesimama nalo, ng'ombe analia, jua limehama, naye hajui alikuwa akiwaza nini. Hakuwa akiwaza lolote. Ilikuwa kama ukungu umeingia ndani ya nyumba na kuketi kwenye kiti cha Primus.

Salvina, binti yake, alikuwa akichuuza sabuni na vitenge kati ya Himo na Holili, na alikuja Jumapili moja moja, mbiombio, mkoba begani.

"Shikamoo mama. Mbona umekonda namna hii? Umekuwa mpini wa jembe!"

"Marahaba. Ni baridi ya mwezi wa saba."

"Unakula?"

"Nakula."

"Shamba limelowa, naona. Nani anakufungulia maji?"

Mektrida alikitazama kiti kile kitupu. "Yanakuja," akasema.

Salvina akadhani ni Gidioni, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Njiani wanawake walimuuliza habari za mama. "Mama yangu ni chuma," akawajibu, nao wakatikisa vichwa kwa heshima, kila mmoja akaenda zake.

Lakini Mektrida alijua nani anayefungulia maji. Alimwona. Alhamisi moja alisogeza pazia, na katika ule weupe wa kabla ya jua akaliona koti la mvua la kaki, lile refu ambalo Primus alilinunua enzi za kahawa nzuri, linapita kati ya migomba, kofia yake imefunika kichwa, jembe begani. Alitaka kuita, akajizuia. Bibi yake alimwonya zamani kwamba aliyekufa haitwi kwa jina. Mwache aje mwenyewe.

Basi akaanza kuishi kwa ajili ya Alhamisi. Siku nyingine zilikuwa za kuvuka tu. Jumatano jioni alipika mtori, wakati mwingine ndicho chakula pekee alichopika juma lote, akatia kwenye bakuli la bluu, akalifunika na kuliweka kwenye ngazi ya nyuma. Alhamisi asubuhi alilikuta tupu, limeoshwa, limepinduliwa. Alilishika kifuani muda mrefu. Primus hakuwahi kuosha bakuli maishani mwake. Kifo kimemfundisha, aliwaza, na kwa mara ya kwanza tangu Machi akakaribia kutabasamu.

Ndipo ikaja Alhamisi ile. Maji yalipokwisha kupita alitoka nje, na bakuli halikuwa limepinduliwa. Ndani yake zilikuwamo ndizi mbivu, kisukari, zimepangwa vizuri, zina umande.

Mektrida aliketi ngazini. Yale mengine ya bibi yake yakamrudia, maneno aliyokuwa akiyasema kando ya moto huku akigeuza magimbi majivuni: aliyekufa akila chako, amekukumbuka tu. Akikupa chake nawe ukakila, umekubali safari.

Alizitazama ndizi zile mpaka umande ukakauka. Kisha akamenya moja akaila, polepole, mpaka mwisho. Ilikuwa tamu. Hakuwa ameonja utamu siku nyingi. Akamenya nyingine.

Juma lililofuata mikono yake ilikuwa myepesi. Alifagia uani, akafua mapazia, akapanga vyombo kabatini kwa ukubwa. Wapita njia waliomwona walisema, aa, sasa mama Salvina amepona. Jumatano alimfunga ng'ombe kamba, akampeleka kwa Gidioni.

"Nikae naye mpaka lini?" Gidioni akauliza.

"Kaa naye tu."

"Unakwenda kwa binti Himo?"

"Nasafiri," akasema Mektrida, na hakuwa amedanganya.

Usiku ule hakupika mtori. Alivaa gauni lake jeupe la kanisani, lile la sikukuu ya Bikira Maria, akavaa viatu, akaizungusha rozari mkononi, akakaa kwenye kiti cha Primus akingoja. Hakuogopa. Jambo pekee lililomsumbua ni kwamba hakuwa amemwandalia Salvina neno lolote la kumwachia, naye alijaribu kulitafuta, akakuta mahali pa maneno pamekauka.

Mbingu ilipoanza kufifia weusi, maji yakaja. Buti. Jembe kwenye jiwe. Kikohozi.

Akafungua mlango, akatoka.

Koti la kaki lilikuwa mbele yake, likipanda kuelekea bwawani. Akalifuata ndani ya ukungu, gauni likinasa kwenye matawi ya kahawa. Lilipita kaburi bila kugeuka. Lilipita mpaka wa masale, naye akapita. Kingoni mwa bwawa likainama, likaanza kushindilia magome ya mgomba kwenye mdomo. Maji ya bwawa yalikuwa meusi, yametulia, ukungu umeyalalia. Mektrida alisimama palepale yanapoanzia.

"Nimekuja," akasema. "Nimekula ndizi zako. Nichukue."

Koti likageuka.

"Yesu na Maria na Yosefu!" likapiga yowe, jembe likaruka upande wake na mvaaji wake akakaa topeni pwaa, miguu juu. Buti moja ikatoka. "Ondoka! Rudi ulikotoka! Kwa jina la Baba!"

Kofia ilikuwa imeanguka nyuma. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha maua, na chini ya kitambaa uso wa Lukresia, mdomo wazi.

Walitazamana hivyo kwa kitambo, kila mmoja akingoja mwenzake atoweke.

"Wifi?" akasema Lukresia mwishowe. "Ni wewe? U mzima? Unaniletea gauni jeupe alfajiri, unataka kuniua kwa moyo?"

"Koti," Mektrida akasema.

"La kaka yangu. Nilipewa siku ya matanga, na buti, ona zinavyonizidi. Hukuwapo, ulikuwa unasugua masufuria." Alijaribu kuinuka, akateleza, akakaa tena. "Usimwambie Gidioni. Atanitoza mbuzi kwa kugusa mfongo. Ndiyo maana nakuja kabla watu hawajaamka, na koti hili, akiniona kwa mbali adhani ni mwanamume. Ulifikiri nitaiacha kahawa ya Primus ikauke? Ulinifukuza mimi, hukuifukuza kahawa."

"Na mtori?"

"Mtori nilikula, ulikuwa mtamu, umepunguza chumvi tu. Nilijua ni wewe unaniambia yaishe. Nikasema moyoni, huyu mdomo wake ni kufuli lakini mkono wake unajua kusema. Nikakuletea ndizi, maana nimekuwa nikilirudisha bakuli lako tupu..." Akakoma.

Sasa alikuwa ameliona gauni vizuri. Aliviona viatu. Aliona rozari ilivyozungushwa mkononi, jinsi wanavyowazungushia wafu sandukuni. Akayatazama maji, akamtazama tena wifi yake mahali aliposimama.

"Umesema nikuchukue," akasema polepole. "Ulikuwa unamwambia nani?"

Mektrida aliikaza rozari mkononi.

"Ng'ombe umempeleka kwa Gidioni. Nilisikia. Nikadhani unakwenda Himo." Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa ya mtu mwingine. "Wifi. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Maji yaliyosalia yalikuwa yakivuja kwenye ule mdomo uliozibwa nusu. Mektrida alifungua kinywa kusema lile neno alilomwambia kila mtu tangu Machi, kwamba ni mzima, kwamba ni baridi tu. Halikutoka. Kilichotoka ni sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, ya chini, mbaya, kama ya mnyama aliyenasa.  Akakaa topeni na gauni lake jeupe, akalia.

Na Lukresia, ambaye hakuwahi kukosa la kusema maishani mwake, hakusema kitu. Alijivuta kwa makalio mpaka akamfikia, akamfunika kwa upande mmoja wa koti, akamshika kiganja pamoja na rozari yake. Walikaa hivyo mpaka jogoo wa Gidioni akawika, na Gidioni mwenyewe akatokea njiani na fimbo. Aliwaona wanawake wawili kwenye mdomo wa mfongo, wamejaa udongo, buti moja inaelea bwawani. Alisimama. Kisha akavua kofia, akaiopoa ile buti kwa fimbo yake, akaiweka kando yao, akaushindilia ule mdomo mpaka ukaziba. Habari za mbuzi hazikutajwa siku ile wala baadaye.

Lukresia alihamia nyumba ya kaka yake kwa muda, na hakuuliza kama anaruhusiwa. Salvina alipopelekewa habari aliacha vitenge vyake Holili, akaja, akampeleka mama yake hospitali mjini Moshi. Daktari alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyemuuliza: analala saa ngapi, chakula kina ladha gani, mara ya mwisho kumwambia mtu jambo la moyoni ilikuwa lini. Swali la mwisho lilimchukua muda mrefu. Salvina alilia korido yote mpaka getini. "Nilisema wewe ni chuma," alirudiarudia. "Niliwaambia watu wewe ni chuma."

"Na mimi nilitaka waseme hivyo," mama yake akamwambia.

Ukungu haukuondoka nyumbani kwa siku moja. Zilikuwapo asubuhi ambazo Mektrida aligeukia ukutani, na Lukresia akaketi kando ya kitanda akimenya ndizi za mtori na kuongea na ng'ombe kupitia dirishani: "Mwambie bibi yako uji unapoa. Mwambie mimi si malaika, nitaunywa." Wanawake wa jumuiya wakaanza kuja tena, mmoja mmoja, na masufuria yao. Kila mmoja alipoondoka, Mektrida aliitazama sufuria aliyoachiwa, mikono yake ikiwasha kwenda kuiosha.

"Iache," Lukresia alikuwa akisema.

"Ina ukoko."

"Ukoko haujaua mtu. Iache wifi."

Alhamisi moja mwezi wa tisa, mtoto wa Gidioni ndiye aliyeshika zamu. Wanawake wale wawili walikuwa jikoni, moto umeshawaka. Maji yakaja nyuma ya jiko, yakaanza kuongea.

"Sikukuuliza jambo moja," akasema Mektrida. Alikuwa akitazama moto. "Kile kikohozi. Ulikuwa unajifanya, ili uwe kama mwanamume?"

"Kikohozi gani?"

"Kila Alhamisi. Baada ya kugonga jembe."

Lukresia aliacha kuchochea. "Mimi sikukohoa, wifi. Nilikuwa nabana hata pumzi, namwogopa Gidioni."

Nje palikuwa kimya, maji tu. Bandani ng'ombe akasimama. Kisha, upande wa migomba, kikavu, kimoja.

Zamani Mektrida angeinamisha kichwa na kuificha sauti ile mahali pa siri, aiweke peke yake. Sasa aliinua macho, akayakuta ya Lukresia yanamngoja.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia," Lukresia akasema. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtiririka, kama kawaida yake. "Kwangu huwa anakuja mlango wa mbele, anagonga kibiriti kama alivyozoea. Nilidhani nimeanza wazimu, nikaona nisikuambie, utaniita mpiga ngoma."

Mektrida alisogea kwenye kigoda, akamwachia nafasi. Wakakaa bega kwa bega, wakisikiliza. Hakikurudi tena. Kulipopambazuka Lukresia alikwenda kwake kutazama kuku wake, na sufuria yake ilibaki pale jikoni juu ya mafiga, haijaoshwa, ukoko ndani.